Kentucky Ikifuta, Uhamiaji Bado Inauliza

Mimi ni mkalimani wa mahakamani hapa Louisville, Kentucky. Nikiwa nje ya kazi, kanisani, msibani, hata ninapopanga foleni kununua sombe, swali ni lile lile: "Dada, ile kesi yangu ya zamani inafutika?" Mkalimani si wakili, na ushauri wa sheria hatoi. Lakini fomu zenyewe nimewasomea watu mpaka nimezikariri, kwa hiyo utaratibu naujua.

Kama mahakama ilikuachia huru, au kesi ilifutwa kabisa bila nafasi ya kufunguliwa tena, sheria ya 2020 inaitaka mahakama iondoe rekodi hiyo yenyewe baada ya siku 30. Kesi zilizoamuliwa kabla ya sheria hiyo unaomba mwenyewe.

Waliotiwa hatiani wana kazi zaidi. Kwa makosa madogo unasubiri miaka 5 tangu umalize adhabu, na ndani ya miaka hiyo usiwe umetiwa hatiani kwa kosa jingine. Kuendesha gari ukiwa umelewa, ambako ndiko vijana wetu wengi huponzeka, ni miaka 10. Feloni nyingi, yaani makosa makubwa, hazikuguswa hadi 2016, jimbo liliporuhusu baadhi ya zile za daraja la D, la chini kabisa, zifutwe.

Unaanza kwa kuomba cheti cha ustahiki, dola 40. Kikishatolewa, kinadumu siku 30 tu. Baba mmoja alikiweka kabatini akingoja mshahara, maana maombi ya kosa dogo ni dola 100 nyingine. Alipozipata, cheti kilikuwa kimekwisha muda, akaanza upya. Wa feloni hulipa dola 50 kufungua maombi na 250 jaji akikubali. Kwa mtu wa ghalani anayelea watoto wanne, hizo si hela za mchezo.

Jaji akishatia sahihi, kisheria ni kama jambo halikutokea. Mwajiri au mwenye nyumba akiuliza, una haki ya kujibu hapana. Hiyo ni nafuu kubwa, na sitaki mtu aache kuomba kwa kusoma yanayofuata.

Serikali ya Marekani, upande wa uhamiaji, haifungwi na huo ufutaji. Tangu 1999, katika shauri la Roldan, Bodi ya Rufaa ya Uhamiaji imeshikilia kwamba hatia iliyofutwa na jimbo kwa sababu tu mtu amejirekebisha inabaki hatia. Fomu N-400 ya kuomba uraia inataka utaje hata kesi zilizofutwa, na alama zako za vidole wanazo. Ukijibu "hapana" kama ulivyomjibu mwenye nyumba, umesema uongo kwa serikali, na uongo huo unaweza kukugharimu kuliko kosa lenyewe.

Nilimwona mama mmoja dirishani pale mahakamani akiomba hati ya hukumu yake, ofisa wa uraia ameidai. Karani akaandika jina, akatazama kioo cha kompyuta, akasema hakuna kitu. Hakuwa na ubaya. Sheria inamtaka ajibu hivyo rekodi ikishafutwa. "Mwanangu, si mlinihukumu hapa hapa?" Nikatafsiri. Karani akarudia: hakuna kitu.

Kwa hiyo mwenye grinikadi amwone kwanza wakili wa uhamiaji, kisha achukue nakala za hukumu zenye mhuri wa mahakama, mbili au tatu, kabla hajalipa zile dola 40.