Fahamu: Taa tatu zinazomwambia mkulima amwagilie lini

Chini ya Mlima Meru, wakulima wa Arumeru hugawana maji ya mifereji kwa zamu. Masika yakichelewa, zamu hurefuka na ugomvi haukosekani. Teknolojia ya kusaidia hapa si lazima iwe droni. Kifaa kiitwacho Chameleon, kilichobuniwa na CSIRO, shirika la utafiti la Australia, na kutumika Kiwere na Magozi mkoani Iringa, hupima unyevu kwenye kina cha mizizi. Taa ya bluu: udongo umelowa. Kijani: unyevu unatosha. Nyekundu: mwagilia. Wakulima wengi waliokitumia huko Iringa waligundua kuwa walikuwa wakimwaga maji kupita kiasi, na mbolea ikizama nayo. Walipopunguza, mavuno yakaongezeka. Kwa Meru kikwazo ni kimoja: taa inaweza kuwaka nyekundu leo, na zamu yako ya mfereji ni wiki ijayo.