Kafala: Kumlea Mtoto wa Mwenzio bila Kumvua Nasaba Yake

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aliyezaliwa yatima na akalelewa na watu wasiokuwa baba yake wala mama yake, pamoja na Aali zake na Swahaba zake.

Maswali yanayotufikia kuhusu mtoto wa kulea ni mengi, na karibu yote huja yamechelewa. Mtu haulizi siku mtoto anapoletwa nyumbani akiwa mchanga. Anauliza binti akiwa ameshafika miaka 14, baba mlezi hajui kama inafaa kukaa naye chumba kimoja bila ya mtu wa tatu. Au anauliza kijana anapotaka kuoa na cheti chake cha kuzaliwa kina jina la mtu asiyemzaa. Au mzee ameshafariki, na ndugu zake wanamwambia kijana aliyekulia humo kwa miaka 20 kuwa yeye si mtoto wa nyumba hii, afungashe vyake. Yote haya yana majibu katika sharia, na mengi yao yalikuwa mepesi lau yangelitafutwa mapema.

Maana ya kafala

Neno kafala asili yake ni kudhamini na kubeba jukumu la mwingine. Qur-ani imelitumia kwa Bibi Maryam katika Surat Aal Imran, aya ya 37, pale Allah alipomfanya Nabii Zakariya kuwa mlezi wake. Aya ya 44 ya sura hiyo hiyo inatueleza kuwa watu walishindania malezi hayo mpaka wakapiga kura kwa kutupa kalamu zao. Walimgombania kumlea, hawakumkimbia. Pamoja na hayo Maryam alibaki kuwa binti wa Imran, na kwa jina hilo ndivyo Qur-ani inavyomtaja.

Wengi hudhani kafala ni ya yatima peke yake. Yatima katika istilahi ya fukahaa ni aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe, lakini wahitaji wa malezi ni wengi kuliko hao. Yupo mtoto wa kuokotwa, anayeitwa laqiit. Katika Muwatta ya Imam Malik imepokewa hukumu ya Sayyidna Umar (r.a.) kwa mtu aliyemuokota mtoto, kwamba mtoto yule ni huru, na matumizi yake yatatoka katika hazina ya Waislamu. Yupo ambaye wazazi wake wako hai lakini mmoja amefungwa na mwingine mgonjwa. Yupo aliyetolewa kwao kwa sababu ya kipigo. Wote hawa wanaingia katika huruma ambayo Mtume (s.a.w.) aliielezea kwa vidole viwili, cha shahada na cha kati, katika Hadithi ya Sahl bin Saad aliyoipokea Bukhari, kuonesha ukaribu wake na mlezi wa yatima huko Peponi.

Mtoto wa Hamza

Lau tungeambiwa tuchague kisa kimoja cha kuwasomesha wanafunzi mlango huu, tungechagua cha binti wa Sayyidna Hamza. Hamza aliuawa Uhud mwaka wa 3 Hijria. Mwaka wa 7, Mtume (s.a.w.) alipokuwa akitoka Makka baada ya Umra ya kulipa, binti yule mdogo alimfuata nyuma akimwita ami yake. Ali akamshika mkono akampa Bibi Fatima. Hapo watu watatu wakateta. Ali akasema ni mtoto wa ami yangu na mimi ndiye niliyemchukua. Jaafar akasema ni mtoto wa ami yangu pia, na mama yake mdogo ndiye mke wangu. Zaid bin Haritha akasema ni mtoto wa ndugu yangu, kwa kuwa Mtume alimuunga udugu yeye na Hamza. Mtume (s.a.w.) akahukumu apewe Jaafar kwa sababu ya mke wake, Asmaa bint Umais, akaeleza kuwa mama mdogo yuko katika daraja ya mama. Kisha hakuwaacha wale wawili na unyonge, kila mmoja alimpa neno la kumtukuza.

Angalia alivyohukumu. Hakutazama nani mwenye hadhi kubwa zaidi, wala nani aliyetangulia kumshika mkono. Alitazama ni nyumba gani mtoto atapata mapenzi yaliyo karibu zaidi na ya mama. Fukahaa wamechukua humu pia kwamba mlezi mwanamke kuolewa hakumuondolei haki ya kulea ikiwa mume ni jamaa wa mtoto na ameridhia.

Na katika kisa hicho hicho Mtume (s.a.w.) aliulizwa kwa nini asimuoe binti huyo, akajibu kuwa ni mtoto wa ndugu yake wa kunyonya. Yeye na Hamza walinyonyeshwa na Thuwaiba. Maziwa hayo yana faida kubwa katika mas-ala yetu, tutayarejea.

Jina la baba

Zaid huyu tuliyemtaja alikuwa mtoto wa kupanga. Alitekwa angali mdogo, akauzwa, akafika kwa Bibi Khadija, naye akampa Mtume kabla ya Utume. Baba yake alipomfuata Makka, Zaid alichagua kubaki, na Mtume akatangaza mbele ya watu kuwa ni mwanawe, akaitwa Zaid bin Muhammad. Kisha zikateremka Madina aya ya 4 na ya 5 za Suratul Ahzab, zikaamrisha watoto wa kupanga waitwe kwa baba zao, na ikiwa baba hajulikani basi ni ndugu zetu katika dini na marafiki zetu. Akarudi kuitwa Zaid bin Haritha.

Wapo wanaoisoma hukumu hii kama kwamba Uislamu umemsukuma mtoto nje ya mlango. Sivyo. Mapenzi ya Mtume (s.a.w.) kwa Zaid hayakupungua hata chembe. Alimpa uamiri wa jeshi la Muuta mwaka wa 8 Hijria, ambako alikufa shahidi, na mwanawe Usama alipendwa kama alivyopendwa baba yake. Zaid ndiye Swahaba pekee aliyetajwa kwa jina lake ndani ya Qur-ani, katika aya ya 37 ya sura hiyo hiyo. Kilichoondoka ni uongo wa nasaba tu.

Nasaba ni haki ya mtoto. Mwenye kumuandikisha mtoto wa watu kwa jina lake mwenyewe hospitalini, kwa nia njema ya kumsitiri, amemnyang'anya kitu asichokuwa na idhini ya kukichukua. Mtoto huyo kesho anaweza kuposa dada yake wa damu na asijue. Atarithi asichostahiki na kukosa anachostahiki. Na siku moja jirani atamwambia, kwa kawaida siku ya ugomvi. Tunavyoona sisi, mtoto aambiwe mapema, angali mdogo, kwa maneno mepesi, tena aambiwe na wale wanaompenda, ili asikumbuke siku ambayo hakuwa akijua. Asiyejulikana baba yake hapewi jina la mlezi. Wanachuoni wameruhusu aitwe kwa jina la jumla kama bin Abdallah. Ama kumwita "mwanangu" kwa mapenzi hakuna ubaya, Mtume (s.a.w.) alimwita hivyo Anas bin Malik, kama alivyopokea Muslim.

Maziwa na stara ya nyumba

Mtoto wa kulea si maharimu kwa walezi wake kwa sababu ya kulelewa tu. Hapa ndipo nyumba nyingi hukwama. Mtoto anapobaleghe wanaanza kuona dhiki, na wengine, Allah atuhifadhi, hufanya hijabu kuwa kisingizio cha kumrudisha walikomtoa. Miaka 12 wamemlea, na siku anapowahitaji zaidi wanagundua kuwa ni ajinabia!

Dawa yake ni kunyonya, lakini ina muda wake. Katika madhehebu ya Imam Shafi, kunyonya kunakoharimisha ni mara tano zilizo mbalimbali, ndani ya miaka miwili ya mwanzo. Hanafi na Maliki wanatosheka hata na kiasi kidogo. Si lazima mtoto ashike ziwa. Maziwa yakikamuliwa na kunyweshwa kwa kikombe au chupa yanatosha. Lakini Mashafi wanashurutisha yakamuliwe mara tano na anyweshwe mara tano. Yakikamuliwa yote kwa mara moja kisha yakagaiwa vikombe vitano, kwa kauli yenye nguvu ni mara moja hiyo. Akina mama wengi hawalijui hili.

Sasa mke asiyekuwa na maziwa afanye nini? Tazama jamaa. Mtoto wa kiume anyonyeshwe na dada wa mke, na hapo mke anakuwa mama yake mdogo au mkubwa wa maziwa. Mtoto wa kike anyonyeshwe na dada wa mume, na hapo mume anakuwa mjomba wake. Ikiwa mke mwenyewe atapata maziwa kwa dawa chini ya uangalizi wa daktari, Mashafi wanayahesabu hata bila ya mimba, ingawa Mahanbali wana kauli mashuhuri kinyume na hiyo. Kwa kauli ya Mashafi mtoto anakuwa mwana wa mama tu, hana baba wa maziwa. Lakini binti huyo ni haramu kwa mume kama mtoto wa kambo, kwa jamhuri ya wanachuoni, maadamu mume ameshamuingilia mkewe. Ama kisa cha Salim, aliyenyonyeshwa na Sahla mke wa Abu Hudhaifa akiwa mtu mzima, jamhuri wamekihesabu kuwa ni ruhusa yake peke yake, wala hakifanywi mlango.

Na mtoto aliyeletwa akiwa na miaka mitano, au tisa? Maziwa yamepita. Hafukuzwi. Yanabaki mambo ya stara ambayo nyumba yoyote ya Kiislamu inatakiwa kuwa nayo: malazi ya watoto kutenganishwa wakifika miaka 10, kubisha hodi kama ilivyo katika Suratun Nur aya ya 58 na 59, kujisitiri, na mlezi kutokaa faragha na ajinabia. Nyumba ya vyumba viwili inahitaji pazia na ratiba, na mara nyingi inahitaji shangazi au bibi alale na binti. Ni tabu, lakini si sababu ya kumtoa mtoto.

Huyu wa miaka 13 au 15 anataka subira ya namna nyingine. Atauliza mama yake yuko wapi na kwa nini alimuacha. Atawajaribu walezi kwa ukaidi aone kama nao watamuacha. Aliyezoea kupigwa huruka anapoguswa bega. Surat Adh-Dhuha inakataza kumuonea yatima, na Suratul Maun imemuweka anayemsukuma yatima pamoja na mwenye kuikadhibisha dini. Maneno kama "lau si mimi ungekuwa barabarani" ni masukumo. Asizuiwe kuwazuru jamaa zake wa damu panapokuwa na amani, na wazazi wake wasitukanwe mbele yake hata kama walikosa.

Na tuseme wazi jambo ambalo watu wanalifumbia macho. Kuna nyumba zinazochukua mtoto wa ndugu kutoka shamba kwa jina la kumlea, kisha yeye ndiye wa kwanza kuamka, anateka maji, anaosha vyombo, na wenziwe wakienda skuli yeye anabeba mtoto mchanga. Huyo ni mtumishi asiyelipwa ujira, na wenye nyumba hiyo wasijipe bishara ya vidole viwili.

Mali, ndoa na wasia

Mtoto akiwa na urithi wa baba yake, nyumba ya kupangisha au mafao, mali hiyo ni amana. Aya ya 6 ya Suratun Nisaa inamtaka mlezi tajiri ajizuie nayo, na fakiri ale kwa kadiri ya ada, kisha mtoto akibaleghe na ikaonekana busara yake akabidhiwe mbele ya mashahidi. Watu wa mwambao wamezoea baba mdogo kushika kila kitu. Katika madhehebu yetu, walii wa mali ni baba, kisha babu mzaa baba, kisha aliyeusiwa, kisha kadhi. Ami si katika hao, ila akiusiwa au kadhi akimuweka. Ama chakula cha pamoja, aya ya 220 ya Suratul Baqara imeruhusu kuchanganya, baada ya Swahaba kuogopa mpaka wakawa wanampikia yatima peke yake na chakula kinaharibika.

Binti akitaka kuolewa, mlezi si walii wake. Walii ni jamaa zake wa kiumeni, na asipopatikana ni kadhi. Imamu anayefungisha ndoa na aulize swali hili kabla ya siku yenyewe.

Kwa upande wa serikali, Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 umeitaja kafala katika kifungu cha 20. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 inaitambua, na ya Kenya ya mwaka 2022 pia. Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ina malezi ya kambo na ina kuasili. Jina hili la malezi ya kambo linawachanganya watu kwa sababu ya baba wa kambo, lakini ndiyo njia inayomfaa Muislamu, kwa kuwa haihamishi nasaba, nayo hupitia kwa afisa wa ustawi wa jamii. Mtoto aliyechukuliwa kimya kimya hana hati, na asiye na hati hana wa kumtetea mlezi akifa.

Mtoto wa kulea harithi, lakini hukosi la kumfanyia. Unaweza kumpa zawadi ukiwa hai na mzima, ukamkabidhi. Unaweza kumuandikia wasia mpaka thuluthi ya mali yako, kwa mujibu wa Hadithi ya Saad bin Abi Waqqas, na warithi hawana uwezo wa kuuzuia. Uandikwe, uwe na mashahidi wawili waadilifu, na nakala ikae kwa mtu asiyekuwa mrithi.

Wallaahu aalam.