Kulala na Usingizi: Saa ya Mwili na Hesabu ya Fahamu

Katika Kiswahili, kulala ni tendo la mtu mwenyewe, bali usingizi ni kitu kimjiacho. Husemwa kwamba fulani amelala, naye ndiye mtenda. Lakini husemwa vilevile kwamba usingizi umemchukua, au umemshika, na hapo usingizi ndio mtenda, na mtu ndiye mtendwa. Tena yawezekana mtu kulala usiku kucha asipate hata lepe la usingizi. Tofauti hii ya sarufi yaafikiana na jambo lililothibitishwa na elimu ya mwili na nafsi katika karne ya 20, nalo ni kwamba mwili una saa yake, wala saa hiyo haiendeshwi na fahamu.

Mfano ulio wazi ni ule wa Michel Siffre, mtaalamu wa jiolojia wa Kifaransa, aliyekuwa na umri wa miaka 23. Mwezi wa Julai 1962 aliingia katika pango la Scarasson, katika milima ya Alps mpakani mwa Ufaransa na Italia, akakaa humo peke yake kwa muda wa miezi miwili hivi, katika baridi ya barafu, bila saa wala kalenda, mwanga wake ukiwa wa taa tu. Kila alipoamka, alipokula na alipotaka kulala, aliwapigia simu wenzake waliokuwa nje, nao wakaandika saa. Lakini wao hawakuruhusiwa kumpigia yeye wala kumwambia wakati.

Ilipofika tarehe 14 Septemba aliambiwa kwamba muda umekwisha, naye alidhani kuwa ni tarehe 20 Agosti. Hesabu yake ilikuwa imepungua siku 25. Hali kadhalika, alipojaribu kuhesabu toka 1 hata 120, kila namba kwa sekunde moja, kazi ya dakika mbili ilimchukua dakika tano hivi. Lakini daftari la wenzake lilieleza habari nyingine: tangu kuamka hata kuamka tena, zilipita kwa wastani saa 24 na dakika 30 hivi. Basi fahamu ilipotewa na hesabu, na mwili haukupotewa.

Waliofuata walilichunguza jambo hilo kwa vipimo vilivyo bora zaidi. Katika miaka ya 1960 Jürgen Aschoff na Rütger Wever waliwaweka watu katika vyumba vilivyotengwa na mchana na usiku huko Andechs, Ujerumani, wakaona mzunguko uliokaribia saa 25. Watu hao, hata hivyo, waliwasha na kuzima taa wapendavyo, na mwanga huo uliurefusha mzunguko wenyewe. Mwaka 1999 Charles Czeisler na wenzake, huko Marekani, waliufifiza mwanga, wakapata saa 24 na dakika 11 hivi. Na makao ya saa hiyo yalikuwa yamekwisha kujulikana tangu 1972, kwa uchunguzi wa panya: ni mafundo mawili madogo ya seli ndani ya ubongo, juu ya mahali inapopishana mishipa ya macho. Kwa mwanadamu seli hizo zapata 20,000 hivi. Mwanga wa mchana huingia machoni, ukairekebisha saa hiyo kila siku.

Hapa yapasa kuyatenga maneno. Aliye macho si lazima awe na fahamu kamili. Mtu aamshwaye ghafula saa kumi ya usiku, wakati joto la mwili linapokaribia kiwango chake cha chini kabisa, aweza kujibu na kutembea, lakini uamuzi wake huwa mzito kwa muda. Wala aliye usingizini hakuzimikiwa na fahamu yote. Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman, wa Chuo Kikuu cha Chicago, walionyesha kwamba kuna nyakati macho ya mtu aliyelala huenda mbio chini ya kope, na wengi waamshwao wakati huo husimulia ndoto. Kwa hiyo kuamka, kuzinduka na kurudiwa na fahamu si maneno ya maana moja.

Tofauti hizi zina uzito katika maisha ya watu. Mlinzi au mwuguzi asinziaye kabla ya alfajiri huitwa mvivu, ingawa nia yake ni kukesha. Wengi miongoni mwa vipofu wasiopata mwanga kabisa huwa na saa ya mwili isiyorekebishwa, ikasogea kidogo kila siku. Kwa majuma kadhaa usingizi huwajia usiku, kisha huwajia mchana. Mtu wa namna hiyo aweza kulala mapema kwa bidii zote, usingizi usimchukue. Kumlaumu ni kumfanya mtenda mahali ambapo yeye ni mtendwa.

Kwa hiyo, watungao vitabu vya elimu hii kwa Kiswahili wafaa kulitumia neno kulala kwa lile tu aliamualo mtu, na usingizi kwa lile limpatalo, wala wasiandike fahamu palipo na maana ya kuwa macho tu. Maneno yenyewe yamo vinywani mwa watu tangu zamani. Kilichobaki ni kuyatumia kwa uangalifu.