MTO UKIFURIKA, SAFARI ISUBIRI

Sisi watu wa pwani tunapenda matembezi. Siku ya mapumziko ikifika, watu wa Dar es Salaam, Bunju na Mapinga hupanda gari kwenda Bagamoyo. Wengine huenda Kaole kuona msikiti na makaburi ya kale. Wengine hukaa ufukweni, wakala samaki, na jioni wakarudi nyumbani.

Sasa tazameni kalenda. Sikukuu ya Muungano ni tarehe 26 Aprili. Mei Mosi hufuata. Pasaka nayo mara nyingi huwa mwezi wa Aprili. Na masika yetu ni Machi mpaka Mei. Basi, siku zetu za kutembea huja wakati mito imejaa.

Mwezi wa Aprili 2014 mvua kubwa zilinyesha. Maji yaliharibu daraja la mto Mpiji, na barabara ya Dar es Salaam kwenda Bagamoyo ikakatika. Wa huku wakabaki huku, wa kule wakabaki kule.

MBONA HUKU HAKUJANYESHA?

Mara nyingi tunasikia mtu akisema, "Leo jua linawaka. Mto utajaaje?" Swali hilo ni zuri. Jibu ni kwamba maji ya mto hayatoki hapa tulipo tu. Yanatoka mbali.

Mto Ruvu huanzia milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Huingia baharini kaskazini ya mji wa Bagamoyo. Mvua ikinyesha Uluguru, maji huchukua muda kutufikia. Kwa hiyo Ruvu unaweza kujaa hata kama Bagamoyo ni kukavu. Tena ukijaa, hukawia kupungua.

Mpiji ni mto mfupi. Huo una tabia nyingine. Mvua ikipiga kwa nguvu, hujaa upesi. Asubuhi umevuka maji kidogo, mchana unakuta mto umetapika.

Bahari nayo ina kazi yake. Wakati wa bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya bahari hupanda sana. Maji ya mto yakifika mdomoni hukuta mlango umezibwa. Hurudi nyuma na kutanda mashambani.

NGUVU YA MAJI

Tuchukue mfano. Kikundi cha akina mama wa kisomo kimekodi gari kwenda Kaole. Chakula kimepikwa, nauli imelipwa. Wanafika mtoni, wanakuta maji yanapita juu ya barabara. Abiria mmoja anasema, "Dereva, twende tu! Maji yenyewe ya magotini." Dereva afanye nini?

Tupige hesabu kwanza. Debe moja la maji ni lita 20. Uzito wake ni kilo 20. Shimo lenye urefu wa mita 1, upana mita 1 na kina mita 1 huingia madebe 50. Hayo ni kilo 1,000, yaani tani nzima! Na maji ya mto hayakutulia, yanasukuma. Mwendo wake ukizidi mara mbili, nguvu ya kusukuma huzidi mara nne.

Ndiyo maana maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Hapo ni juu kidogo ya kifundo cha mguu. Maji ya sentimita 30 yanaweza kuelea na gari dogo kama ngalawa. Ya sentimita 60 yanaweza kuchukua hata gari kubwa kuliko hilo.

Tena maji ya mafuriko ni ya tope. Huoni chini. Huenda barabara imekwisha kukatwa, na mbele yako ni shimo. Na katika Ruvu na Wami wapo mamba na viboko. Maji yakitanda, nao hutoka mtoni wakayafuata.

Basi dereva asimame. Abiria wamshukuru, wasimtukane. Nauli iliyopotea hutafutwa tena. Mama wa watoto hatafutwi.

TUFANYE NINI?

Kabla ya safari, tusikilize taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa redioni. Tuwaulize madereva waliotoka huko tunakokwenda. Tusiulize habari ya daraja tu, tuulize pia mvua ya milimani.

Tukikuta maji juu ya barabara, tusivuke, wala kwa gari, wala pikipiki, wala kwa miguu. Tungoje mahali palipoinuka, si ukingoni, maana kingo huporomoka. Watoto tuwashike mkono.

Giza likiingia, tulale upande tulioko. Tubishe hodi kwa wenyeji. Tupeleke habari nyumbani wasihangaike.

Maji ya mafuriko tusinywe. Yamepita vyooni, na yanaweza kuleta kipindupindu. Hata ya kisima kilichofunikwa na mafuriko tuyachemshe mpaka yatokote.

Maji yakipungua, tusikimbilie darajani. Daraja linaweza kusimama huku chini limeliwa. Tungoje wataalamu wa barabara walikague.

Wazee wetu walisema: maji usiyoyafika hujui wingi wake. Kaole imekaa pale mamia ya miaka. Jumamosi ijayo tutaikuta.