Kuchagua na Kuunganisha Monita ya Nje kwenye Laptopu ya Gemu

Mada: Vifaa vya kutolea taarifa

Ukimaliza mada hii utaweza:
(i) kueleza sifa za monita;
(ii) kukokotoa kama waya unatosha kupitisha picha;
(iii) kuunganisha monita na kuipanga kwa usalama.

Utangulizi

Laptopu ina skrini yake, lakini ni ndogo. Anayecheza gemu, anayehariri video au anayesoma huku akiandika notsi hunufaika na monita ya nje. Kwa mkazi wa Tabora, uamuzi huu unahitaji umakini zaidi. Monita ikinunuliwa Kariakoo, husafiri zaidi ya kilomita 800 kwa basi au treni. Ikifika na kukutwa haiendani na laptopu, kuirudisha ni gharama nyingine. Kwa hiyo piga hesabu kabla ya kulipa.

1. Kanuni ya msafara

Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipitia Tabora. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba mizigo kichwani na mabegani. Msafara mzima haukuweza kufika kabla ya mpagazi wa mwisho.

Picha ya kompyuta nayo ina safari yake, yenye vituo vinne:

kadi ya michoro → tundu la laptopu → waya → monita

Kituo kilicho dhaifu kuliko vyote ndicho kinachoamua picha utakayoiona. Ukinunua monita ya bei kubwa na kuiunganisha kwa waya dhaifu, utaona picha ya waya dhaifu. Shika kanuni hii. Maswali mengi ya mada hii hujibika kwa kuitumia.

2. Sifa tatu za kuangalia

(a) Ukubwa. Hupimwa kwa inchi kwenye ulalo, si kwenye upana. Monita nyingi zina uwiano wa 16:9. Kwa kanuni ya Pythagoras, monita ya inchi 24 ina upana wa sentimita 53 na kimo cha sentimita 30 hivi. Pima meza yako kwanza.

(b) Idadi ya pikseli. Pikseli ni nukta ndogo zinazounda picha.
1920 × 1080 = 2,073,600
3840 × 2160 = 8,294,400
Ya pili ni mara 4 ya ya kwanza. Maana yake kadi ya michoro ina nukta mara 4 za kuchora, na gemu nzito inaweza kuanza kukwamakwama. Kumbuka pia kwamba pikseli zilezile 1920 × 1080 zikitandazwa kwenye inchi 27 badala ya 24, kila inchi hupata pikseli 82 badala ya 92, hivyo maandishi hupungua ukali.

(c) Kasi ya kubadilisha picha. Hupimwa kwa Hz, yaani mara ngapi kwa sekunde. Monita ya Hz 60 hubadilisha picha kila baada ya milisekunde 16.7, ya Hz 144 kila baada ya milisekunde 6.9. Lakini kadi ikitoa picha 70 tu kwa sekunde, Hz 144 hazitatumika zote.

Aina ya kioo pia ina nafasi yake. IPS huonyesha rangi vizuri hata ukitazama kwa pembeni. VA huonyesha weusi uliokolea. TN mara nyingi ni ya bei nafuu na yenye kasi, ila rangi hubadilika ukitazama kwa pembeni.

3. Je, waya unatosha?

Kanuni:
Data kwa sekunde = pikseli za upana × pikseli za kimo × biti 24 × Hz

Uwezo wa njia kupitisha data ya picha:
HDMI 1.4: gigabiti 8.16 kwa sekunde
HDMI 2.0: gigabiti 14.4 kwa sekunde
DisplayPort 1.4: gigabiti 25.92 kwa sekunde

Mfano: Picha ya 3840 × 2160 kwa Hz 60.
8,294,400 × 24 × 60 = biti 11,943,936,000, yaani gigabiti 11.94 kwa sekunde.

HDMI 1.4 haitoshi. Itabidi ushuke hadi Hz 30, ambapo mahitaji ni gigabiti 5.97, na gemu itaonekana nzito. HDMI 2.0 inatosha. Mahitaji halisi huzidi kidogo hesabu hii, kwa hiyo acha nafasi.

Angalizo: Si kila tundu la USB-C hutoa picha. Soma maelezo ya laptopu yako kabla ya kununua waya wa aina hiyo. Monita za zamani zenye VGA pekee zinahitaji kigeuzi, kwa sababu VGA hupitisha mawimbi ya analogia na HDMI hupitisha ya dijitali.

4. Hatua za kufuata

1. Kabla monita haijafungwa kwa safari, hasa ikiwa imetumika, iwashwe na ionyeshe rangi moja kwenye skrini nzima: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na bluu. Nukta iliyokufa itajitokeza.
2. Ikifika, iweke mezani na uchomeke waya wa picha kwanza, kisha waya wa umeme.
3. Washa monita na uchague tundu ulilotumia kwa vitufe vyake.
4. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P. Chagua kurudia picha, kupanua eneo la kazi, au kutumia skrini ya pili pekee.
5. Fungua mipangilio ya skrini na uhakikishe idadi ya pikseli na Hz. Hatua hii husahaulika sana: monita ya Hz 144 inaweza kubaki kwenye Hz 60 mpaka uibadilishe mwenyewe.
6. Acha laptopu wazi unapocheza, na usizibe matundu yake ya hewa.

5. Umeme, mwanga na vumbi

Umeme wetu ni wa volti 230. Ukipanda na kushuka, unaweza kuharibu kifaa, tumia stebilaiza. Laptopu ina betri, monita haina. Umeme ukikatika, monita huzimika papo hapo huku laptopu ikiendelea. Usiweke monita ikitazamana na dirisha wala dirisha likiwa nyuma yake. Dirisha liwe ubavuni. Wakati wa kiangazi, futa vumbi kwa kitambaa laini kikavu, monita ikiwa imezimwa. Usipulizie maji kwenye kioo.

6. Swali la mfano

Mwanafunzi wa Tabora ana laptopu yenye HDMI 2.0. Katika 1920 × 1080, gemu yake hutoa picha 90 hadi 110 kwa sekunde. Achague monita ipi?
P: inchi 24, 1920 × 1080, Hz 60
Q: inchi 24, 1920 × 1080, Hz 144
R: inchi 27, 3840 × 2160, Hz 60, bei ya juu kuliko zote

Jibu: Q. Monita P itaonyesha picha 60 tu kwa sekunde, hivyo kazi ya kadi itapotea. Kwa R, waya unatosha (11.94 ni chini ya 14.4), lakini kadi italazimika kuchora pikseli mara 4, na hapo kadi ndiyo itakuwa kituo dhaifu. Q inahitaji gigabiti 7.17 tu, na itaonyesha picha zote 110. Ukijibu "R kwa sababu ina pikseli nyingi", umetaja sifa ya kifaa bila kuangalia msafara wote.

Zoezi

1. Taja vituo vinne ambavyo picha hupitia.
2. Kokotoa data ya picha ya 2560 × 1440 kwa Hz 120. Je, HDMI 1.4 inatosha?
3. Monita mpya ya Hz 144 inaonyesha Hz 60. Toa sababu mbili zinazowezekana.

Majibu

1. Kadi ya michoro, tundu, waya, monita.
2. Gigabiti 10.62 kwa sekunde, haitoshi.
3. Mipangilio haijabadilishwa, tundu au waya hauna uwezo wa kutosha.