Parachichi Tumboni

Wajukuu, sogeeni, leo tunalifuata parachichi.

Limechumwa Njombe, likashuka sokoni Makambako, pale barabara ya Songea inapokutana na ile iendayo Mbeya. Watoto wawili wakaligawana nusu kwa nusu, wakala wakalimaliza. Mbona mmoja anakua na mwenzake anakonda, ingawa kila siku wanakula sawa?

Nyuma ya tumbo kuna kiungo kiitwacho kongosho. Hutengeneza vimeng'enya na kuvimimina kwenye utumbo mwembamba, navyo huvunjavunja mafuta na protini hadi mwili uweze kuvifyonza.

Yule anayekonda ana sistiki faibrosisi. Amezaliwa nayo: amerithi jeni yenye hitilafu kwa baba na nyingine kwa mama, ingawa wazazi wenyewe ni wazima. Ute wake ni mzito kama uji uliolala sufuriani. Huziba njia za hewa, ndiyo maana anakohoa. Huziba pia vijia vya kongosho, vimeng'enya visifike utumboni. Basi mafuta ya parachichi hupita tu. Choo chake ni kingi, kina mafuta na kinanuka mno. Vitamini A, D, E na K, zinazofyonzwa pamoja na mafuta, nazo hupotea. Wakati mwingine utumbo wenyewe huziba, tumbo likauma na kutapisha. Hapo ni kukimbilia hospitali.

Mwaka 1938, Dorothy Andersen, daktari wa New York, aliyachunguza makongosho ya watoto waliofariki, akayakuta na makovu, akaueleza ugonjwa huu. Leo mgonjwa humeza vidonge vya vimeng'enya kila anapokula, na huongezewa chakula chenye mafuta, hapunguziwi.

Ugonjwa huu ni nadra, lakini Waafrika nao huupata. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta takribani nusu ya watoto wa Njombe walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Wengi wao hawana ugonjwa huu. Lakini penye wengi waliodumaa, mwenye ugonjwa huu ni rahisi kutotambuliwa.

Kwa hiyo, mwenzenu akila vizuri na bado hakui, msimwite mlafi, wala msikubali asemwe karogwa. Mwambieni mtu mzima ampeleke kwa daktari, ambaye anaweza kuagiza jasho lipimwe chumvi ili kuutambua ugonjwa huu. Na akiulizwa kuhusu choo chake, aseme bila aibu: jibu hilo laweza kuwa mwanzo wa tiba.