Besi ina kanuni zake, isiachwe iwe mngurumo tu

Jioni moja ya Jumamosi, yapata saa mbili usiku, mzee jirani yangu alipiga hodi nyumbani kwangu Nyamira, ninakofundisha fizikia. Nilijua limenifika. Tangu alasiri nilikuwa nimelifungulia sanduku langu jipya la besi, na vioo vya madirisha yangu, na bila shaka vyake pia, vilikuwa vikitetemeka kana kwamba lori la majani chai limekwama uani. Nikakimbia kupunguza sauti. Mzee akaketi, akapokea chai, akanywa funda mbili tatu bila haraka, kisha akauliza:

"Mwalimu, mbona chombo chako kinasema neno moja tu?"

Msomaji mpendwa, nimesomea mawimbi ya sauti chuoni na nimeyafundisha kwa miaka mingi, lakini sikuwahi kuulizwa swali la fizikia lililo zito kuliko hilo. Nilikuwa nimesikiliza filamu nzima na kanda kadha za kwaya bila kutambua kwamba kila besi iliyotoka sandukuni, iwe ya ngoma, ya gitaa au ya ngurumo ya radi, ilikuwa ikitoka kwa sauti ile ile moja. Mzee alitambua akiwa upande wa pili wa ua wa michongoma.

Hakuwa mtu wa kubahatisha. Ujanani alikuwa mpigaji wa obokano. Kwa wasioijua, obokano ni kinubi kikubwa cha Abagusii: bakuli la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe, mikono miwili iliyochomoza juu, mti mmoja uliolazwa kati ya mikono hiyo, na nyuzi nane. Jirani zetu Waluo wana nyatiti, nayo ina nyuzi nane, lakini obokano ni kubwa zaidi na sauti yake huzama chini zaidi. Wapo waandishi wa muziki walioifananisha na fidla kubwa ya besi ya Wazungu, ile inayopigwa mtu akiwa amesimama. Kwa hiyo watu wa Gusii hawakuanza kupenda besi matatu zilipoanza kufungwa spika chini ya viti. Walikuwa na fundi wa kuichonga, kuiwamba na kuilinganisha kabla ya mtu yeyote hapa kuona plagi ya umeme.

Sanduku langu nililinunua kwa fundi mmoja mjini Kisii. Simtaji jina, kwa maana kosa lilikuwa langu kama lilivyokuwa lake: mimi nilitaka kitu kikubwa, naye akanipa kitu kikubwa. Lilikuwa la plaiwudi iliyopigwa gundi na skrubu kwa ustadi, likafunikwa zulia jeusi, likawekwa spika ya inchi 12, na ubavuni likatobolewa tundu la duara. Nilipomuuliza tundu ni la nini, alijibu kwamba ni la kutolea besi. Jibu hilo ni kweli nusu, na ile nusu iliyobaki ndiyo iliyomleta mzee kwangu.

Jumatatu yake nililipeleka sanduku shuleni, nikaliweka juu ya meza ya maabara mbele ya wanafunzi wangu wa kidato cha tatu. Kwanza tuliitoa spika sandukuni, mwanafunzi mmoja akaishika mkononi huku ikiimba. Besi ikatoweka kabisa. Ikasalia sauti ya mbu. Koni inaposukuma hewa mbele, wakati huo huo inaivuta hewa ya nyuma, na katika sauti nene hewa hizo mbili hukutana kandokando ya spika zikafutana. Basi kazi ya kwanza ya sanduku ni kuitenga hewa ya nyuma na ya mbele. Spika yenye sumaku kubwa, ya bei ghali, isipokuwa na sanduku haifui dafu mbele ya spika duni iliyotiwa ndani ya sanduku jema.

Kisha tukaja kwenye tundu. Kila mwanafunzi amewahi kupuliza mdomo wa chupa ya soda ikalia. Hewa iliyo shingoni mwa chupa ni kama uzito, na hewa iliyo tumboni ni kama springi. Uzito huruka juu ya springi kwa kasi yake maalumu, wala haubadilishi kasi hiyo kwa kubembelezwa. Mjerumani Helmholtz ndiye aliyeliweka jambo hili katika hesabu katika karne ya 19, na sanduku la besi lenye tundu ni chupa tu iliyoundwa na seremala. Ukubwa wa tumbo, upana wa tundu na urefu wa shingo: hayo matatu ndiyo yanayoamua litalia wapi.

Tukapima. Nafasi ya ndani ilikuwa lita 100, tundu lilikuwa na upana wa sentimita 10, na shingo haikuwapo ila unene wa ubao wenyewe, sentimita 2. Wanafunzi wakapiga hesabu, wakapata kwamba sanduku litatetema takriban mara 50 kwa sekunde. Hapo ndipo nilipolielewa neno la mzee. Sauti yoyote iliyokaribia mitetemo 50 ilipokewa na sanduku kwa shangwe na kupigiwa vigelegele. Zilizo chini ya hapo ziliachwa njiani. Mtu asiyesikiliza vizuri huuita mngurumo huo nguvu. Wahenga waliosema debe tupu haliachi kuvuma hawakuwa na habari za spika, lakini walijua vyombo.

Tiba ilipatikana katika duka la vifaa vya ujenzi: kipande cha bomba la plastiki la kupitishia maji, la upana ule ule wa sentimita 10. Kwa hesabu yetu, bomba la sentimita 13 lingelishusha sanduku hadi mitetemo 34 kwa sekunde. La sentimita 30 lingelifikisha 25. Kuna waliotaka tukate refu zaidi, kwani vijana ni vijana. Nikawaeleza kwamba spika ile haikuundwa kwenda huko, na kwamba chini ya kiwango ambacho sanduku limelinganishwa, hewa ya ndani huacha kuizuia koni, nayo huenda mbele na nyuma hadi ikararuka. Watafiti wawili wanaojulikana sana na mafundi wa spika, Neville Thiele, aliyetoa makala yake mwaka 1961, na Richard Small, aliyeiendeleza kazi hiyo katika miaka ya 1970, walionyesha kwamba kila spika ina vipimo vyake, na vipimo hivyo ndivyo vinavyochagua sanduku. Fundi akikuundia sanduku bila kukuuliza ni la spika gani, amekushonea suti bila kukupima mabega.

Tukakata sentimita 13. Ili kuhakikisha, tulipiga sauti moja moja kutoka kwenye simu, tukianzia 60 na kuteremka, huku tukiwa tumening'iniza karatasi laini kwenye mdomo wa bomba. Ilipokaribia 34, karatasi ikapeperuka kwa nguvu, na koni ya spika, ambayo wanafunzi walitarajia iruke zaidi, karibu ikasimama tuli. Darasa likapiga kelele. Hiyo ndiyo dalili yenyewe: mahali sanduku lilipolinganishwa, hewa ya bomba ndiyo inayofanya kazi na koni hupumzika. Nimefundisha mwangwi na resonansi kwa chaki miaka yote hiyo, na sikumbuki darasa lililowahi kupiga kelele.

Lakini kulikuwa na jambo lingine, nalo linanihusu mimi na kochi langu. Sebule yangu ina urefu wa mita 5. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la mitetemo 34 lina urefu wa mita 10 hivi, na nusu yake hutoshea sawasawa kati ya ukuta na ukuta. Wimbi la namna hiyo huwa na nguvu kutani, na katikati ya chumba hufifia hadi karibu kutosikika. Kochi langu lilikuwa katikati. Kwa hiyo nilipotaka besi zaidi nilikuwa nikiongeza sauti, nisisikie, nikaongeza tena, hali ukuta ulio karibu na jirani ulikuwa unakula yote. Ipo njia ya zamani ya kulitatua: weka sanduku mahali unapoketi, kisha utambae kwa magoti kandokando ya kuta ukisikiliza, na pale besi itakapokuwa safi ndipo pa kuliweka sanduku. Mke wangu alinikuta nimeinamisha sikio nyuma ya kabati la vyombo, akauliza kama nimepoteza shilingi.

Niseme neno kuhusu wati pia, kwa sababu vijana wetu wanadanganywa mchana kweupe. Nimeona sabufa iliyobandikwa karatasi ikidai wati 12,000. Mwanafunzi yeyote wa fizikia anaweza kuikanusha akiwa amesimama dukani. Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 240, na fyuzi kubwa ya plagi ni ya ampea 13. Zidisha, utapata wati 3,120, na hicho ndicho kiwango cha fyuzi. Wati hizo 12,000 zitapita wapi? Isitoshe, kuongeza nguvu kutoka wati 100 hadi 200 huongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huipata kwa shida. Ili sauti ionekane imekuwa maradufu huhitaji takriban mara 10 ya nguvu ya awali. Fedha zinazomiminwa kwenye wati zingefanya kazi zaidi zikitumiwa kwa gundi, mbao nene na bomba lililopimwa.

Sasa nirudi kwa mzee. Usiku ule alipokuwa akiaga, akiwa amekwisha kuvaa kofia, alinitajia kwa upole kwamba mjukuu wake, mtahiniwa wa KCSE, alikuwa amehamia kwa shangazi yake Keroka tangu wiki iliyotangulia, "asome kidogo." Hakusema kwa nini. Mimi, mwalimu, nilikuwa nimemfukuza mtahiniwa kwenye meza yake ya kusomea kwa sanduku la plaiwudi.

Watu huniambia ipo sheria. Ni kweli ipo. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009 zinaweka kikomo cha desibeli 35 usiku katika makazi, na usiku kwa mujibu wa kanuni hizo huanza saa mbili. Lakini desibeli hizo hupimwa kwa kipimo kinachoiga sikio la binadamu, kiitwacho A, na kipimo hicho hupunguza takriban desibeli 30 kutoka kwa sauti ya mitetemo 50 kwa sekunde. Afisa anaweza kusimama uani na kifaa chake kikasoma namba ya kuridhisha, hali dirisha la jirani linagonga fremu yake. Kuta zetu nazo, ziwe za matofali au za udongo, huzuia maneno na nyimbo vizuri kiasi, lakini besi hupenya. Ndiyo maana jirani hajui unatazama filamu gani ila anajua kwamba unatazama. Nadhani sheria hiyo inafaa kurekebishwa ili besi ipimwe kwa kipimo chake, kama zifanyavyo baadhi ya nchi. Hadi hapo, kinachomlinda mtahiniwa wa jirani ni adabu ya mwenye sanduku, na adabu hiyo haiwezekani kama mwenyewe hajui wimbi lake linakwenda wapi.

Hii ndiyo sababu sikubaliani na walimu wenzangu wanaoziona sabufa kuwa uhuni mtupu, za kupigwa marufuku na kukemewa katika gwaride la asubuhi. Kijana wa Suneka au Kebirigo anayejifunza kuunda masanduku kando ya barabara anashika mikononi sura nzima ya kitabu cha fizikia bila kujua. Mwanafunzi aliyekariri sura hiyo hiyo hajui kwamba inaweza kumlisha. Wawili hao wanapitana kila asubuhi. Sioni kwa nini fundi asialikwe maabarani siku moja kwa muhula, naye aondoke na kanuni ya Helmholtz imeandikwa kwenye kipande cha karatasi, na sisi tubaki na ujuzi wake wa gundi. Mimi ninajua hesabu ya sanduku lakini, nikiri, kona zangu huvuja hewa.

Na mwenye obokano aalikwe kabla ya fundi. Mjukuu amerudi kutoka Keroka, na mimi huzima chombo saa moja na nusu, nusu saa kabla ya sheria. Mzee alikuja tena kulisikiliza sanduku lenye bomba. Akatikisa kichwa, akasema sasa lina maneno matatu au manne, na obokano ina manane. Chombo chake mwenyewe kimetundikwa jikoni, ngozi ingali imara, nyuzi tatu zimekatika. Amekubali kukileta darasani na kuwaonyesha wanafunzi namna ya kuzikaza na kuzilinganisha kwa sikio, bila simu. Nimemwandikia mwalimu mkuu barua kuomba nauli yake na bei ya nyuzi tatu. Sijapata jibu.